Dereva Vatanen na ajali iliyobaki kichwani

Miongoni mwa madereva wageni waliopata kushinda mbio za magari za Safari katika Afrika Mashariki, ni wachache wanaokumbukwa kwa heshima kama Ari Vatanen wa Ufini. Alizishinda mbio hizo katika Pasaka ya mwaka 1983, akiendesha gari la Opel Ascona 400, na kwa ushindi huo akakatiza utawala wa miaka minne mfululizo wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Hata hivyo si kwa ajili ya kikombe hicho tu kwamba tunamleta mbele ya wasomaji wetu. Miaka miwili baadaye dereva huyu, ambaye ni Mkristo asiyeificha imani yake, alivunjikavunjika mwili nchini Argentina. Na madaktari walipokwisha kuunga mifupa, ikadhihirika kwamba kilikuwamo kitu kingine kilichovunjika ambacho hakionekani katika picha ya eksirei. Askari wetu wa jeshi na wa polisi wanakifahamu kitu hicho, hata pale wasipokuwa na jina la kukiita.

Sisi tukaao Bukoto, baina ya Kira Road na njia iendayo Ntinda, hatuhitaji kwenda mbali ili kusikia habari za usukani. Madereva wa landrova za polisi, wa malori ya jeshi, wa teksi, na vijana wa bodaboda hubishana kila jioni juu ya nani ajuaye kuendesha na nani ajuaye kukanyaga mafuta tu, na mabishano hayo, kama yalivyo mabishano yote ya madereva, hayajapata kumalizika. Wazee miongoni mwao hukumbuka, au husema wanakumbuka, zile siku ambazo magari ya Safari yalikuwa yakipita Kampala yenyewe.

Na ni kweli yalipita. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Hapakuwa na uwanja wala njia ya lami iliyofungwa kwa kamba. Barabara zilikuwa zilezile za mkulima, za basi la abiria na za ng'ombe, na kama mvua za masika ziliwahi, gari lilisafiri kwa kusukumwa kuliko kwa mota yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika tena saba, na mara zote mbili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, katika Peugeot 404. Mtu aliyewahi kuongoza msafara wa malori katika matope meusi ataelewa hesabu hiyo bila ya kufafanuliwa.

Baadaye siasa za nchi zetu tatu zikaharibika na mbio hizo zikabaki upande wa Kenya peke yake. Mehta naye aliondoka Uganda kwa sababu ya siasa. Alizaliwa mwaka 1945 katika ile jamaa ya akina Mehta wenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari pale Lugazi, katika barabara ya Jinja, na mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kufungasha, alihamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari kwa mara ya kwanza baada ya kulingana alama na Harry Källström wa Uswidi, kwa tofauti ndogo mno iliyotokana na kanuni za mashindano. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Kwa jumla alishinda Safari mara tano. Alifariki London mwaka 2006, na ni jambo la kusikitisha kwamba vijana wengi wa Kampala hawalijui jina lake, ingawa wanayajua majina ya wachezaji wa akiba wa timu za mpira za Uingereza.

Huyo ndiye mfalme ambaye Vatanen alimkuta juu ya kiti.

Vatanen alizaliwa tarehe 27 Aprili 1952 huko Tuupovaara, mashariki ya Ufini, karibu na mpaka wa nchi iliyokuwa Urusi ya Kisovieti. Ni nchi ya misitu, maziwa na theluji, ambako barabara za changarawe hupanda na kushuka vilima vidogo bila ya kupumzika, na mtoto wa shamba hujifunza kulizuia gari linaloteleza kabla ya kujifunza mengi ya shuleni. Angali mtoto, baba yake alikufa katika ajali ya gari. Mtu angedhani kwamba mtoto aliyefiwa namna hiyo angeyakimbia magari maisha yake yote. Yeye aliyakimbilia.

Alianza mbio za ubingwa wa dunia mwaka 1974 nyumbani kwao. Katika miaka ile ya mwanzo sifa yake ilikuwa ya namna mbili: kwamba hapana aliye mwepesi kumpita, na kwamba hapana avunjaye magari kumpita. Aliendesha kwa namna ambayo hata watazamaji walirudi nyuma hatua moja walipomwona akija. Alipata ubingwa wa Uingereza mwaka 1976 na tena 1980, na katika mwaka huo wa 1980 akashinda kwa mara ya kwanza shindano la ubingwa wa dunia, lile la Acropolis nchini Ugiriki, ambako mawe huwa makali kama panga.

Mwaka 1981 akawa bingwa wa dunia. Hapa ipasa tuseme kwamba kampuni ya Ford ilikuwa imekwisha kujitoa katika mashindano, na Vatanen aliendesha Ford Escort ya timu ya binafsi ya David Sutton, akielekezwa na David Richards, kijana wa Uingereza aliyekuja baadaye kuwa tajiri wa magari ya mbio. Walishinda Ugiriki, Brazili na Ufini. Aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo alikuwa Mfaransa, Guy Fréquelin, na mwelekezaji wa Fréquelin alikuwa mtu mfupi mwenye akili nyingi aitwaye Jean Todt. Msomaji alishike jina la Todt, kwa maana litarudi.

Sasa tuje katika Safari ya 1983. Wakati ule Safari ilikuwa na urefu wa kama kilometa 5,000, na ilikimbiwa kwa siku nne au tano, mchana na usiku, katika barabara zilizo wazi kwa kila mtu. Jambo hili la barabara wazi liliwashangaza sana madereva wa Ulaya, ambao kwao polisi hufunga njia na kuwaondoa hata mbwa. Huku polisi walifanya waliloweza, lakini hawakuweza kumzuia mama arudiye kutoka sokoni, wala lori la mahindi, wala kundi la ng'ombe la Mmasai, wala twiga. Ndiyo maana magari ya Safari yalifungwa vyuma vizito mbele, taa za ziada ubavuni, na bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu ili mota isinywe maji mtoni. Katika miaka ile timu tajiri zilianza kutumia ndege au helikopta angani, iliyomwonya dereva kwa redio juu ya kilicho mbele ya kona. Wenye uzoefu wa doria wataona kwamba hiyo ni kazi ya kijeshi iliyovaa nguo za michezo: mlinzi juu, msafara chini, mafundi wa kuokoa nyuma, na wakati uliopangwa kwa dakika.

Washindani wake wakubwa walikuwa Wajerumani wa Audi Quattro, gari lililovuta kwa magurudumu yote manne, likiongozwa na Mfini mwenzake Hannu Mikkola. Mehta alikuwa na Nissan mpya. Opel ya Vatanen ilisukumwa kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, kama gari la kawaida la nyumbani, na wajuzi wengi hawakuipa nafasi kubwa. Lakini Safari haikuwa mashindano ya wepesi. Ilikuwa ya uvumilivu, na hapo ndipo lilipoonekana jambo la ajabu, kwamba yule yule aliyeitwa mvunja magari alijifunza kulitunza gari. Mehta hakufika. Audi zikapoteza wakati kwa matengenezo. Vatanen na mwelekezaji wake, Terry Harryman wa Ireland ya Kaskazini, wakaingia Nairobi mbele ya wote. Mikkola akawa wa pili, na Michèle Mouton wa Ufaransa, naye wa Audi, wa tatu. Nadhani ushindi huo ni mkubwa kuliko ubingwa wake wa dunia, ingawa wanaohesabu alama hawatakubaliana nami.

Baada ya hapo Todt, ambaye sasa alikuwa mkuu wa michezo katika kampuni ya Peugeot, alimwita. Gari lililomngojea halikuwa gari kwa maana tuijuayo. Peugeot 205 T16 ilikuwa ya lile daraja lililoitwa Kundi B, ambalo kanuni zake zilidai kampuni itengeneze magari 200 tu ya namna hiyo, kisha iko huru kufanya karibu kila kitu. Mota ilikaa nyuma ya viti, ikiwa na turbo, na nguvu zake zilizidi farasi 300 katika mwili mwepesi kama debe. Katika mashindano matano aliyomaliza mfululizo tangu Agosti 1984 hadi Februari 1985, Vatanen aliyashinda yote matano: Ufini, Sanremo ya Italia, Uingereza, Monte Carlo na Uswidi. Katika Monte Carlo walitozwa dakika nane kwa kosa la kuingia kituoni kabla ya wakati, na bado akazirudisha zote nane na kushinda. Watu wakasema ubingwa wa 1985 umekwisha kupata mwenyewe.

Katikati ya mwaka huo walikwenda Argentina. Siku ya kwanza, katika barabara ya changarawe iliyonyooka, Peugeot ikiwa katika mwendo unaokadiriwa kupita kilometa 200 kwa saa, gari liliingia katika mbonyeo wa barabara, likarushwa, likaangukia pua, likapinduka mbele kwa nyuma mara nyingi. Kiti cha Vatanen kiling'oka. Mkanda unaomfunga mtu kwenye kiti una maana gani ikiwa kiti chenyewe hakikufungwa kwenye gari? Mwili wake ulipigwapigwa ndani ya gari kama jiwe ndani ya kibuyu. Akavunjika mguu, mbavu na mifupa ya uti wa mgongo, pafu likatobolewa, damu nyingi ikamwagika ndani. Harryman naye aliumia, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa siku kadhaa haikujulikana kama Vatanen ataishi, na waliomwokoa walimwongezea damu ya watu wengine kwa wingi.

Ubingwa wa mwaka huo ukaenda kwa Timo Salonen, mwenzake wa timu moja.

Ilichukua karibu miezi 18 kabla ya Vatanen kuketi tena mashindanoni. Mifupa haikuhitaji muda wote huo. Miezi iliyobaki ilikuwa ya jambo lingine. Aliporudishwa kwao, mwili ukianza kupona, aliingiwa na huzuni nzito ambayo waganga wa siku hizi huiita sonona. Mtu aliyezoea kuamua mambo kwa sehemu ya nukta moja alishindwa kuamua kuinuka kitandani. Na huzuni hiyo ilijichagulia umbo: aliamini kwamba damu aliyoongezewa ilikuwa na ugonjwa wa UKIMWI, na kwamba anakufa nao. Madaktari walimpima wakamwambia hana. Hakuwaamini. Akili yake ilikuwa imekwisha kutoa hukumu, na ushahidi wowote uliokuja baada ya hukumu ulihesabiwa kuwa ni uongo wa watu wenye huruma.

Ni rahisi leo kumcheka mtu huyo. Tukumbuke lakini kwamba kipimo cha kuchunguza damu kilikuwa kimeanza kutumika katika mwaka huohuo wa 1985, na kwamba katika Julai ya mwaka huo mwigizaji mashuhuri wa Marekani, Rock Hudson, alitangazwa kuwa na ugonjwa huo, dunia nzima ikaingiwa na hofu. Hofu ya Vatanen haikuanguka kutoka mbinguni.

Na sisi Uganda, tutamchekaje? Kwetu ugonjwa ulionekana tangu mwaka 1982 katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero, wilaya ya Rakai, na watu wakauita silimu kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Mwezi Septemba 1986, katika mkutano wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimwita Rais Museveni pembeni akamweleza kwamba, kati ya askari 60 wa Uganda waliopelekwa Kuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Rais mwenyewe ameieleza habari hiyo mara nyingi. Ilikuwa ni zaidi ya mmoja katika kila wanne, nao walikuwa vijana waliochaguliwa kwa uzima wao. Wako wasomaji wa ukurasa huu waliokuwa kambini siku zile, ambao wanakumbuka jinsi kila kikohozi kilivyosikilizwa, na jinsi mtu alivyoweza kulala macho usiku kucha kwa ajili ya kipele kimoja mkononi.

Iko familia moja ya Kampala ambayo habari yake inakaribiana na ya Vatanen kiasi cha kutia uchungu. Christopher Kaleeba aligongwa na gari mwaka 1983, akaongezewa damu, na kwa damu hiyo akaambukizwa. Katika mwaka 1986, alipokuwa masomoni Uingereza, ndipo ilipojulikana. Alifariki Januari 1987. Mkewe, Noerine Kaleeba, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, mteremko mmoja tu kutoka hapa kwetu Bukoto, aliungana na wenzake wachache mwaka huohuo wakaanzisha TASO, chama cha kuwasaidia wagonjwa na jamaa zao. Basi huku mtu mmoja alipata ajali na kweli akapewa mauti ndani ya chupa ya damu. Kule mwingine alipata ajali, akapewa damu safi, na akaishi miezi mingi kana kwamba amekwisha kufa. Ni nani awezaye kusema yupi kati yao aliogopa zaidi?

Miaka miwili baadaye, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama mbele ya Waganda akasema wazi kwamba anao ugonjwa huo. Alifariki Desemba ya mwaka uleule. Katika jeshi letu Meja Rubaramira Ruranga naye alijitokeza hadharani, na akaishi miaka mingi akiwafundisha askari wenzake. Ujasiri wa kusema jambo kama hilo mbele ya gwaride ni wa namna yake, wala hauna medali.

Turudi kwa Vatanen na imani yake. Watu wa dini hupenda kuifupisha habari hii: aliomba, akapona. Mimi sikubaliani na ufupisho huo. Vatanen alikuwa muumini kabla ya Argentina, akabaki muumini baada yake, na katikati yake lilikuwamo giza ambalo sala haikuliondoa kwa siku moja wala kwa mwezi mmoja. Palihitajika madaktari, palihitajika mkewe Rita na watoto, palihitajika marafiki waliokuja kuketi naye bila ya kumhimiza. Padri au shehe wa kambi amwambiaye askari aliyeshikwa na hali hiyo kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani, anamwongezea mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa. Vatanen, kwa upande wake, hakuona aibu kueleza baadaye kwamba alikuwa mgonjwa wa akili na si wa mwili tu. Aliyaandika hayo kitabuni na kuyasema mbele ya watu, na amekuwa akiyataja maisha yake ya baada ya ajali kuwa ni zawadi aliyopewa.

Wakati alipokuwa kitandani, mchezo wenyewe ulikuwa ukiungua. Attilio Bettega alikuwa amekufa Corsica tarehe 2 Mei 1985. Machi 1986 gari liliwaparamia watazamaji nchini Ureno, na tarehe 2 Mei 1986, mwaka mmoja kamili baada ya Bettega, Henri Toivonen, kijana Mfini aliyetazamiwa kuwa bora kuliko wote, aliungua pamoja na mwelekezaji wake Sergio Cresto, Corsica ileile. Kundi B likapigwa marufuku. Vatanen alirudi katika dunia ambayo gari lililomvunja halikuwa na ruhusa tena ya kukimbia.

Todt alikuwa na magari hayo na hakuwa na pa kuyapeleka, akayapeleka jangwani. Januari 1987, mwezi uleule aliofariki Christopher Kaleeba, Vatanen aliondoka Paris kuelekea Dakar katika Peugeot 205 iliyorefushwa, akiwa na mwelekezaji Bernard Giroux. Hakuwa amepata kuyaendesha mashindano hayo kabla. Mwanzoni kabisa alipata ajali ndogo iliyomtupa nyuma ya mamia ya magari na malori, na wengi waliona kwamba Todt amefanya huruma badala ya kazi. Kisha siku kwa siku, katika mchanga wa Algeria, Niger na Mali, akawapita mmoja baada ya mwingine, akafika Dakar wa kwanza. Ndiyo njia aliyoichagua ya kuwajibu wale waliosema amekwisha. Sijui njia nyingine ambayo ingewatosha.

Mwaka 1988 alikuwa akiongoza tena walipofika Bamako, mji mkuu wa Mali. Usiku gari lake, Peugeot 405, likaibiwa. Hili nalieleza hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa polisi: gari la mashindano lijulikanalo na dunia nzima, lenye rangi za kampuni na namba kubwa ubavuni, liliondolewa chini ya pua za walinzi, na ikasemekana wezi walidai fedha. Lilipatikana nje ya mji, lakini muda wa kuondoka ulikuwa umepita, akafutwa katika mashindano. Juha Kankkunen, wa timu ileile, akashinda. Katika mwaka huohuo Vatanen alivunja rekodi ya kupanda mlima Pikes Peak nchini Marekani kwa dakika 10 na sekunde 47, katika barabara ya changarawe isiyo na ukuta upande wa korongo, akiweka mkono mmoja machoni kuzuia jua mahali pamoja. Filamu ya mbio hizo ipo, na ni vizuri asiitazame mtu mwenye kizunguzungu.

Mwaka 1989 ulileta kisa cha sarafu. Vatanen na Mbelgiji Jacky Ickx, wote wa Peugeot, walikuwa wakishindana wao kwa wao kwa hatari kubwa, hata Todt akaona watayaua magari yote mawili. Akarusha sarafu hewani ili kuamua nani ashinde. Ikamwangukia Vatanen. Ickx, ambaye hakuwa mtu mdogo katika mchezo huu, alitii. Wako waliokasirishwa, wakasema hayo si mashindano. Mwanajeshi pengine atalitazama kwa jicho jingine, kwa sababu anajua amri ni nini na anajua uchungu wa kuitii mtu akiwa na nguvu za kuivunja. Vatanen akashinda tena 1990 kwa Peugeot na 1991 kwa Citroën. Jumla Dakar nne.

Baadaye aliingia siasa. Alichaguliwa katika Bunge la Ulaya mwaka 1999 kwa Ufini, na mwaka 2004 akachaguliwa tena, safari hii kwa Ufaransa, ambako alikuwa amehamia na familia yake na kulima. Alikaa humo hadi 2009. Mwaka huo aligombea urais wa shirikisho la magari la dunia, FIA, na mpinzani wake alikuwa nani ila Jean Todt? Todt alipata kura 135, Vatanen 49. Watu wawili hao walishindana 1981, wakafanya kazi pamoja, mmoja akamwokoa mwenzake kutoka kitandani, akamrushia sarafu, kisha akamshinda kwa kura. Todt akiwa rais aliichukua kazi ya usalama barabarani kwa nguvu, hata Umoja wa Mataifa ukamfanya mjumbe wake maalumu wa jambo hilo mwaka 2015.

Na jambo hilo si la Ulaya. Taarifa ya Polisi ya Uganda ya mwaka 2023 ilihesabu watu 4,806 waliouawa na ajali za barabarani katika mwaka mmoja. Hawakuwa katika mbio. Walikuwa wakienda kazini, sokoni, mazishini, wengi wao kwa miguu au juu ya bodaboda bila ya kofia. Hata katika mashindano yetu wenyewe ya Pearl of Africa, tulimpoteza Riyaz Kurji mwaka 2009. Lakini dereva wa mbio hufungwa mikanda, huvikwa kofia na kuzungukwa na vyuma, na daktari humngojea mwisho wa njia. Abiria wa kawaida hana hata kimoja cha hivyo.

Kwa upande wa ushindi, Uganda haikubaki nyuma kabisa: Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, na mashabiki wa Kampala hawajaacha kulitaja jambo hilo, ambavyo ni haki yao.

Vatanen alipata kurudi katika Safari. Mwaka 1998 dereva mmoja wa timu ya Ford aliumia, wakamtafuta mtu wa kushika nafasi yake, wakampigia simu mzee aliyekaribia miaka 46. Alikuja Kenya na Escort, akielekezwa na Fred Gallagher. Barabara zilikuwa wazi kama zamani, ng'ombe walikuwapo, helikopta zilikuwapo juu. Richard Burns alishinda kwa Mitsubishi, Kankkunen akawa wa pili, na Vatanen, miaka 15 baada ya ile Pasaka ya Opel, akafika wa tatu.